Faili la Muuguzi wa Zamu ya Usiku

  Wewe unayefunga duka, wewe uliye kwenye foleni ya magari, na wewe unayesubiri wali uive, ongeza sauti kidogo tuwe pamoja.

Leo tunazungumza juu ya hadithi za taharuki, zile ambazo hofu yake haitoki kwenye bunduki wala kwenye jini, bali ndani ya akili ya binadamu. Na katika hizo nimechagua moja: hadithi ya muuguzi mwenye siri nzito. Imeandikwa vitabuni, imechezwa kwenye filamu, na bado watu hawaichoki. Nami nina swali moja ambalo nitalirudia rudia hadi tuachane: siri ya muuguzi huyo hutunzwa na nani? Na yeye peke yake? Lishike swali hilo, tutaliendea polepole.

Kwanza tujiulize, kwa nini muuguzi? Kwa nini watunzi wa hadithi hawamchagui fundi bomba au karani wa benki? Fikiria mwenyewe. Umelazwa. Ni saa nane za usiku. Anakuja mtu mwenye sare, hatua zake huzisikii, anakwambia pole, anashika mkono wako, anaongeza kitu kwenye dripu. Wewe humuuliza ni dawa gani? Humuuliza jana alifanya kazi wapi, na huko aliondokaje? Wengi wetu hatuulizi. Tunanyoosha mkono tu. Hakuna mtu mwingine duniani tusiyemjua tunayemnyooshea mkono namna hiyo tukiwa tumelala. Hata mumeo au mkeo akikuletea kidonge utauliza, "Hiki cha nini?" Muuguzi hatumuulizi. Imani hiyo ndiyo mtunzi wa taharuki anaigusa, nasi tunashtuka.

Sasa sikiliza. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani, Stephen King, alitoa riwaya iitwayo Misery. Ndani yake yumo mwandishi maarufu, Paul Sheldon, anayepata ajali ya gari kwenye theluji katika milima ya Colorado. Anaokolewa na mwanamke anayeishi peke yake shambani, Annie Wilkes, ambaye zamani alikuwa muuguzi. Miguu ya Paul imevunjika. Annie anaifunga, anampa vidonge vya maumivu, anamlisha kwa kijiko, na anamwambia kwamba hakuna msomaji anayempenda kumzidi yeye. Mpaka hapo ungesema huyu mama Mungu amlipe.

Kisha Annie anasoma kitabu kipya cha Paul na kukuta yule mhusika anayempenda amekufa. Hapo uuguzi unageuka kifungo. Paul hatoki. Lazima aandike kitabu kingine, amfufue mhusika yule, na vidonge vya maumivu vinatolewa au vinazuiwa kulingana na anavyoandika. Siku moja anafanikiwa kutoka chumbani kwa kiti cha magurudumu, akakuta albamu. Albamu ya vipande vya magazeti. Anafunua ukurasa, kifo. Anafunua mwingine, kifo. Vifo vimemfuata Annie kutoka hospitali moja hadi nyingine, mpaka kesi ya watoto wachanga waliokufa mikononi mwake, kesi ambayo aliishinda.

Filamu ya riwaya hiyo ilitoka mwaka 1990, ikaongozwa na Rob Reiner, na Kathy Bates aliyemcheza Annie akapata Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Aliistahili. Yule mama anavyobadilika kutoka tabasamu hadi ghadhabu, nakuambia, unaweza kuzima televisheni ukaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Lakini nilisema nina swali. Siri hiyo ilitunzwa na nani? Katika Misery jibu linaonekana rahisi: Annie aliitunza mwenyewe, ndani ya albamu, ndani ya nyumba ya mbali, kwenye theluji. Uovu umekaa ndani ya mtu mmoja. Ukitoka kwenye nyumba ile umeukimbia. Ila kuna jambo King analipita haraka, na mimi limenikaa. Vifo vilimfuata kutoka hospitali hadi hospitali. Sawa. Sasa nani alikuwa anamwajiri? Nani alipokea barua yake ya maombi, nani alipiga simu kule alikotoka, na kule walijibu nini? Ndani ya riwaya hatuambiwi.

Miaka thelathini na kitu baadaye ikaja filamu inayoanzia pale pale King alipopita haraka. Na hii, wasikilizaji wangu, si ya kubuni. Hii ilitokea.

Inaitwa The Good Nurse, yaani Muuguzi Mwema. Ilitoka mwaka 2022 kupitia Netflix. Mwongozaji wake ni Tobias Lindholm wa Denmark, na inatokana na kitabu cha mwandishi wa habari Charles Graeber kilichochapishwa mwaka 2013. Jessica Chastain anamcheza Amy Loughren, muuguzi wa zamu ya usiku katika chumba cha wagonjwa mahututi huko New Jersey, Marekani. Eddie Redmayne anamcheza muuguzi mwenzake, Charles Cullen, ambaye wote wanamwita Charlie. Wote wawili ni watu wa kweli.

Filamu inafunguka namna hii. Mgonjwa amezidiwa. Kengele za mashine zinalia, wauguzi na madaktari wanakimbia, wanambana kifua, wanampa mshtuko wa umeme. Unategemea kamera iende kwa mgonjwa. Haiendi. Inabaki kwa Charlie, amesimama pembeni, anatazama. Kamera inamsogelea taratibu, taratibu, na zile kelele zote unazisikia tu. Uso wake hausemi kitu. Damu hairuki, hakuna mtu anayekimbizwa kizani, na bado unahisi baridi mgongoni.

Kisha tunakutana na Amy. Amy ana watoto wawili wa kike, anawalea peke yake, na ana ugonjwa wa misuli ya moyo. Moyo wake unaweza kusimama wakati wowote. Yeye ni muuguzi, lakini hana bima ya afya, kwa sababu hajamaliza muda unaotakiwa katika ajira yake. Akisema ni mgonjwa, anaweza kupoteza kazi. Kwa hiyo ananyamaza, anageuza wagonjwa wazito usiku kucha huku anahema.

Umeona hapo? Filamu hii ina siri mbili. Kuna siri ya Charlie, ambayo ni mauaji. Na kuna siri ya Amy, ambayo ni ugonjwa. Na nani anaigundua siri ya Amy? Charlie. Na anafanya nini? Anaitunza. Anamwambia atamsaidia mpaka apate bima. Anambebea kazi nzito. Anakuja nyumbani, anacheza na watoto. Mtu anayeua wagonjwa ndiye mtu pekee pale kazini aliyeona kwamba mwenzake anakaribia kuanguka.

Hapa ndipo ninapoona filamu hii inaizidi Misery, nami nasema hivyo nikiwa naipenda Misery. Wema wa Charlie kwa Amy si wa kuigiza. Ungekuwa wa uongo, ingekuwa rahisi. Tungesema, aa, kumbe alikuwa anamtega. Lakini Amy mwenyewe, yule wa kweli, ameeleza hadharani kwamba Charlie alikuwa rafiki yake. Tunapenda kuamini kwamba mtu mbaya tutamjua kwa macho yake makali. Charlie alikuwa mpole, ana aibu kidogo, mchapakazi, hakatai zamu. Katika hospitali yenye upungufu wa wauguzi, mtu asiyekataa zamu ya usiku anapendwa na wote.

Sasa tuiache filamu kidogo tuingie kwenye yaliyotokea, maana ndiko swali letu linakopata jibu. Nalirudia: siri hii ilitunzwa na nani?

Charles Cullen alianza kazi ya uuguzi mwaka 1987. Alikamatwa Desemba 2003. Kati ya hapo ni miaka 16, na katika miaka hiyo alifanya kazi katika hospitali tisa na nyumba moja ya kutunzia wazee, New Jersey na jimbo jirani la Pennsylvania. Silaha zake zilikuwa dawa zilizopo katika kila wodi ya wagonjwa mahututi. Moja ni digoksini, dawa ya moyo, ambayo ikizidi huvuruga mapigo hadi moyo usimame. Nyingine ni insulini, ambayo kila mwenye kisukari nyumbani anaijua. Ikizidi, sukari ya damu inashuka mpaka ubongo unakosa chakula. Mgonjwa mahututi akifa nani atashangaa? Si alikuwa mahututi?

Mahakamani Cullen alikiri kuwaua watu 29. Wachunguzi wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Nisiongeze hesabu nyingine, maana hiyo moja inatosha. Tulia nayo kidogo. Watu 29. Mzee wa mtu, mke wa mtu, kijana wa mtu, wengine wao walikuwa wameanza kupata nafuu.

Na je, hakuna aliyeshuku? Walishuku. Wasikilizaji wangu, walishuku! Mahali pamoja alichunguzwa kwa sababu ya chupa za dripu zilizoonekana zimetiwa kitu. Mahali pengine, hospitali moja ya Pennsylvania mwaka 2002, wauguzi wenzake walikuta vichupa vitupu vya dawa kali vimefichwa kwenye pipa la sindano zilizotumika. Waliripoti. Waliona hawasikilizwi ipasavyo, wakapeleka mashaka yao hadi kwa waendesha mashtaka. Uchunguzi ukafanyika, ukaisha bila mashtaka. Naye Cullen? Alikuwa amesharuhusiwa kuacha kazi. Mwaka huo huo akaajiriwa kwingine, katika Somerset Medical Center, New Jersey. Ndiko alikokutana na Amy.

Hebu tulitazame hilo jambo la kuruhusiwa kuacha kazi. Linafanyikaje? Ofisi inaona kuna tatizo. Ikimshtaki, familia za marehemu zitajua, zitaishtaki hospitali. Ikiandika barua kwa hospitali nyingine kwamba huyu mtu tuna mashaka naye, yeye mwenyewe anaweza kuishtaki kwa kumchafulia jina. Basi njia nyepesi ni ipi? Aondoke kimya. Na hospitali inayofuata ikipiga simu kuuliza, inajibiwa: ndiyo, alifanya kazi hapa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Basi. Tarehe mbili tu. Hakuna aliyedanganya. Kila ofisi imesema ukweli, na mtu anaingia wodi nyingine na ufunguo wa kabati la dawa.

Annie Wilkes wa King alitunza siri yake kwenye albamu ya vipande vya magazeti. Siri ya Cullen ilitunzwa na ofisi za watu wenye tai na digrii, kwenye mafaili ya ajira, kila hospitali na ukurasa wake, na hakuna aliyewahi kuweka kurasa hizo zote juu ya meza moja mpaka polisi walipofanya hivyo. Hilo ndilo jibu la swali langu. Siri haikuwa ya mtu mmoja. Ilitunzwa na wengi, na wengi wao hawakuwahi kushika sindano.

Ninasema haya kwa uchungu kwa sababu najua baadhi yenu mna dada, mpwa au mtoto aliyekwenda kufanya uuguzi Marekani, Uingereza au Uarabuni, na anafanya hizo hizo zamu za usiku. Najua pia wengi wanatusikiliza sasa hivi wakiwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga hapa kwetu au ya wenzetu Kenya. Sitaki mtu atoke kwenye mazungumzo haya akimtazama muuguzi kwa jicho la wasiwasi. Hasha. Leseni ya Cullen ilikuwa hai, haikuwa ya kughushi. Kilichokosekana ni watu wa juu kusema walichokijua. Na waliosema, waliosema mapema, waliosema wakijua wanaweza kupoteza mkate wao, walikuwa wauguzi.

Turudi Somerset. Mwaka 2003 matokeo ya damu ya wagonjwa kadhaa yalianza kuonyesha digoksini na insulini visivyoelezeka. Mwezi Julai wataalamu wa kituo cha sumu cha New Jersey waliionya hospitali kwamba huenda kuna mtu anawadhuru wagonjwa kwa makusudi. Cullen aliendelea na kazi hadi mwisho wa Oktoba. Hesabu miezi mwenyewe. Alipofukuzwa, sababu iliyotolewa ilihusu taarifa zisizo sahihi katika maombi yake ya kazi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata katika kisa hiki ilikuwa kabati la dawa. Hospitali ile ilikuwa na makabati yanayoendeshwa kwa kompyuta: muuguzi anaandika jina la mgonjwa na dawa, droo inafunguka, na kila kitu kinaandikwa. Kitabu cha Graeber kinaeleza jinsi wapelelezi walivyoambiwa kwamba kumbukumbu za kabati hilo hukaa siku 30 tu, kisha wakagundua si kweli. Karatasi zikatolewa, zikawekwa mbele ya Amy. Wapelelezi walikuwa hodari wa kazi yao, lakini wodi hawaijui. Amy anaijua. Akapitisha macho, akaona kitu. Cullen alikuwa anaagiza dawa halafu anafuta agizo. Anaagiza, anafuta. Anaagiza, anafuta. Kwa nini mtu afute mara nyingi hivyo? Kwa sababu akifuta, droo tayari imekwisha kufunguka.

Hakuna meneja aliyeliona hilo. Aliliona mtu anayefungua droo ile ile kila usiku.

Basi Amy, mwenye moyo mgonjwa, mwenye watoto wawili, alikubali kuvaa kinasa sauti ndani ya nguo na kwenda kula na rafiki yake mgahawani. Hapo, kwenye filamu, Chastain anafanya kazi kubwa. Mkono wake unatetemeka, anautuliza. Anamtazama Charlie kwa huruma ya kweli na hofu ya kweli kwa wakati mmoja. Msikilizaji, umewahi kukaa meza moja na mtu unayempenda huku unajua jambo analolificha? Kama umewahi, tukio hilo litakugusa kuliko kukimbizana kokote kwenye filamu.

Mwishoni, Cullen amekamatwa, wapelelezi wanapandisha sauti, naye hatoi kitu ila kelele za kukataa. Anaitwa Amy. Haji kumfokea. Anamuuliza kama anasikia baridi, anazungumza naye kama anavyozungumza na mgonjwa. Naye anaanza kutaja majina. Hata katika maisha ya kweli, ni mazungumzo na Amy yaliyofungua njia ya yeye kukiri.

Na sababu? Kwa nini alifanya? Filamu haitoi. Kuna watazamaji waliokasirishwa na jambo hilo, wanataka waambiwe alionewa utotoni au alisikia sauti. Mimi namuunga mkono mwongozaji. Cullen wa kweli aliwahi kudai alikuwa anawapunguzia wagonjwa mateso, lakini wengi wao hawakuwa wanakufa, na wengine walikuwa wanajiandaa kwenda nyumbani. Dai lake halisimami. Ukimpa mtazamaji sababu, anaondoka ameridhika, amelifunga jambo kichwani. Filamu hii inakataa kumridhisha. Katika tukio la mwisho Charlie anampa Amy jibu moja tu, na jibu hilo linahusu wengine: hawakumzuia.

Kuna dosari, nami nitaitaja. Filamu inakwenda taratibu mno katikati, na taa zake ni hafifu, kijani kibichi na kijivu, mpaka macho yanachoka. Tena marehemu wenyewe hatuwajui vya kutosha. Tunawaona wachache tu, kama yule mama mmoja na mumewe aliyebaki na mtoto mchanga. Wengine wanapita kama namba za vitanda. Ningependa tukae nao zaidi, maana wao ndio waliobeba gharama yote.

Cullen alihukumiwa mwaka 2006 vifungo vya maisha vinavyofuatana, hatatoka. New Jersey ilitunga sheria baada ya kisa hiki: moja ya mwaka 2004 juu ya usalama wa wagonjwa, na nyingine ya 2005 inayozilazimu hospitali kuripoti mtumishi wa afya anayetiliwa shaka ya kuhatarisha wagonjwa, na inayomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema. Yaani ile simu ya kuuliza habari za mwombaji kazi sasa inaweza kujibiwa kwa zaidi ya tarehe mbili.

Ukipata nafasi, tazama zote mbili. Anza na Misery, halafu The Good Nurse siku nyingine, watoto wakiwa wamelala. Unapomtazama Amy akipitia zile karatasi za kabati la dawa, wakumbuke na wale wauguzi wa Pennsylvania waliokusanya vichupa kwenye pipa la sindano mwaka mmoja kabla, wakavipeleka kwa wakubwa. Filamu haikuwapa nafasi, lakini walikuwepo, na walisema.